Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Vijana Yenye Malaika na Kijana Anayetafuta Kusudi Lake: Mwongozo Kamili

Riwaya nyingi za vijana zenye malaika hukwama mahali pamoja. Mwandishi anamaliza nguvu zake kwenye mabawa, nuru na vita vya mbinguni, halafu kijana aliye katikati ya hadithi anakabidhiwa kusudi la maisha yake kama mtu anayepokea barua: soma, tii, nenda ukaokoe ulimwengu. Kinachopotea hapo ni kile kile kilichomleta msomaji wa miaka 16. Msomaji huyo anaishi na swali la kwa nini yupo duniani, na hakuna aliyeshuka kutoka juu kuja kumjibu.

Msingi wa mwongozo huu ni huu: malaika ana kazi tangu alipoumbwa, kijana hana. Malaika hana haja ya kujitafuta, kijana hana budi. Ukiwaweka hao wawili katika chumba kimoja, hadithi imeshaanza. Riwaya ya aina hii huwa nzuri pale mwandishi anapoishikilia tofauti hiyo mpaka ukurasa wa mwisho, na hulegea pale anapoisahau.

Hatua ya kwanza: anza na kijana

Kabla hujafikiria bawa hata moja, jua kijana wako amefika wapi katika kujitafuta. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliueleza ujana, takriban miaka 12 hadi 18, kuwa kipindi ambacho kazi kubwa ya mtu ni kujijua yeye ni nani. Mwaka 1966 James Marcia akaiendeleza hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba vijana hawasimami wote mahali pamoja. Aliangalia mambo mawili: je, kijana amepitia kipindi cha kutafuta? Na je, ameamua? Hapo zikapatikana hali nne. Yupo ambaye hajatafuta wala hajaamua, siku zinampita tu. Yupo aliyeamua bila kutafuta, kwa sababu wakubwa walishamwamulia. Yupo aliye katikati ya kutafuta, anajaribu hili na lile na hajatulia. Na yupo aliyetafuta kisha akaamua.

Kwa mwandishi, hali hizi nne ni hazina. Ya kwanza hukupa mhusika mzito kumsukuma, utahangaika sura nzima kumtoa kitandani. Ya tatu ni nzuri, ila mhusika wake tayari yuko njiani, na malaika akija anakuwa mmoja tu kati ya mengi yanayomvuta. Ya nne ni pale unapompeleka. Mimi ninaipenda ya pili, ya aliyeamua bila kutafuta, kwa sababu inafanana mno na hali ya malaika mwenyewe. Wote wawili wamepewa. Wote wawili hawajawahi kuuliza.

Tuseme mhusika wako ni Zawadi, miaka 16. Tangu akiwa mdogo kila mtu nyumbani anamwita daktari. Anafaulu baiolojia, na hajawahi kujiuliza kama anaipenda. Anatokewa na malaika anayemwambia kwamba amechaguliwa kuulinda mlango ulio kati ya walio hai na wafu. Mwandishi mwenye haraka atamfanya Zawadi atupe vitabu, ashike upanga, na hadithi iishe kwa shangwe. Lakini tazama kilichotokea: mama alimpangia kazi, sasa malaika kampangia nyingine. Zawadi amehama kutoka amri moja kwenda amri ya pili, na katikati hapo hakuna alichochagua. Msomaji kijana huliona hilo upesi, maana na yeye anapangiwa mambo kila siku.

Kwa hiyo andika sentensi tatu juu ya mhusika wako kabla ya kuandika sura yoyote. Ya kwanza, anachosema anakitaka. Ya pili, anachokihofia kiasi cha kutokisema. Ya tatu, jambo lisilo la kweli analoliamini kuhusu nafsi yake. Kwa Zawadi: anataka kufaulu mtihani wa mwisho; anahofia kwamba akifeli mama hatamtazama tena kwa macho yale yale; anaamini kwamba thamani yake ni kile anachowafanyia wengine.

Hiyo sentensi ya tatu ndiyo moyo wa kitabu. Malaika atakapokuja na agizo, atagusa kidonda hicho hicho bila kujua, kwa kumwambia Zawadi kwamba anahitajika. Zawadi atalipokea neno hilo kwa furaha kubwa. Na msomaji anayemjua ataanza kumwogopea, wakati hakuna hata adui mmoja aliyekwisha kutokea.

Hatua ya pili: amua malaika wako wanatoka wapi

Malaika hawafanani na mazimwi ya hadithini ambayo kila msimulizi anayageuza apendavyo. Kwa mamilioni ya watu ni sehemu ya imani wanayoiishi. Hilo lisikutie hofu, ila likufanye usome vyanzo vyenyewe badala ya kukumbuka filamu ulizotazama. Mapokeo hayasemi jambo moja, na unachochagua hapa kitaamua hadithi yako inaweza kwenda wapi.

Ukifuata mapokeo ya Kiyahudi na Kikristo, utakuta viumbe wa kutisha kuliko wale wa kwenye kadi za sikukuu. Isaya sura ya 6 inawaonyesha maserafi wenye mabawa sita: mawili ya kufunika uso, mawili ya kufunika miguu, mawili ya kurukia. Ezekieli sura ya 1 ina viumbe wenye nyuso nne, ya mwanadamu, ya simba, ya ng'ombe na ya tai, na kando yao magurudumu ambayo kingo zake zimejaa macho. Gabrieli na Mikaeli wanatajwa kwa majina katika kitabu cha Danieli. Baadaye sana, karibu na mwaka 500, mwandishi aliyejiita Dionisio Mwareopago aliwapanga malaika katika makundi tisa, kuanzia maserafi juu kabisa hadi malaika wa kawaida walio karibu na wanadamu. Ukitaka dola la mbinguni lenye vyeo na ngazi, chanzo chake ni hicho.

Soma pia Tobiti, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi. Kijana Tobia anatumwa safari ndefu na baba yake aliyepofuka. Anapata mwenzi wa njiani anayejitambulisha kama ndugu wa ukoo, na mwenzi huyo ni Rafaeli. Tobia anasafiri naye, anapata ushauri wake, anaoa, anarudi na dawa ya macho ya baba, na ni mwishoni tu malaika anapojitambulisha. Kijana, safari, msiri mwenye siri: msuko wa riwaya ya vijana umekaa humo kwa zaidi ya miaka 2,000.

Kitabu cha Henoko kimehifadhiwa kikiwa kamili katika Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa sehemu ya Biblia yake. Humo malaika 200 wanashuka juu ya Mlima Hermoni, wanajitwalia wake wa kibinadamu na kuwafundisha watu mambo yaliyokatazwa. Mmoja wao, Azazeli, anawafundisha kufua mapanga, visu na ngao, na pia kutengeneza mapambo na kupaka macho rangi. Ukitaka malaika walioanguka, kaa hapa muda mrefu kabla ya kuzua wa kwako.

Ukifuata mapokeo ya Kiislamu, mambo yanabadilika sana. Malaika wameumbwa kwa nuru, na Surat At-Tahrim aya ya 6 inasema hawamuasi Mwenyezi Mungu kwa anayowaamrisha. Surat Fatir aya ya 1 inawataja kuwa wenye mabawa mawili, matatu na manne. Wapo wanaoandika matendo ya kila mtu, yupo Jibrili wa wahyi, yaani ufunuo, yupo Israfili wa parapanda. Iblisi, kwa mujibu wa Surat Al-Kahf aya ya 50, alikuwa miongoni mwa majini. Kwa hiyo riwaya ya malaika mwasi haikai vizuri hapa. Anayeweza kuchagua wema au uovu, ukimwacha mwanadamu, ni jini. Mgogoro wako unahamia huko, na malaika anabaki kuwa kiumbe ambaye utiifu wake hautikisiki. Wala hilo halikunyimi hadithi. Kijana anayezungumza na kiumbe asiyeweza kukosea, huku yeye anakosea kila siku, ni mazungumzo ninayotamani kuyasoma.

Njia ya tatu ni kujenga ulimwengu wako mwenyewe, wenye viumbe unaowaita malaika au kwa jina jingine. Inakupa uhuru, lakini inakutaka ueleze kila kitu kuanzia mwanzo.

Ushauri wangu ni kuchagua njia moja na kubaki nayo. Ukimketisha Israfili ukumbi mmoja na Azazeli wa Henoko na makundi tisa ya Dionisio, humridhishi msomaji wa imani yoyote, na ulimwengu wako unakosa mantiki kwa yule asiye na imani.

Hatua ya tatu: mwekee malaika mipaka

Kuna swali litakaloua riwaya yako usipolijibu mapema: kwa nini malaika asiifanye kazi hiyo yeye mwenyewe? Ana nguvu, anajua mengi, hachoki. Anamhitaji mtoto wa sekondari wa nini?

Jibu lipatikane ndani ya sheria za ulimwengu wako, na lihusike na uwezo wa kuchagua. Kwa mfano: mlango wa wafu hufungwa tu na mtu anayeweza kuuacha wazi. Malaika hawezi kuuacha wazi akishaamriwa kuufunga, kwa hiyo kuufunga kwake hakuna uzito. Zawadi anaweza kukataa, na ndiyo maana kukubali kwake kuna nguvu. Sheria moja ya namna hii inafanya kazi tatu: inaeleza kwa nini kijana anahitajika, inamnyima malaika njia ya mkato, na inaifunga fantasia pamoja na swali la kusudi zisiachane tena.

Baada ya hiyo, andika sheria nyingine chache. Nani anamwona malaika? Katika Hesabu sura ya 22 punda wa Balaamu anamwona malaika mwenye upanga njiani kabla ya bwana wake, ambaye ndiye nabii, kuona chochote. Ndani yake mna wazo zuri: anayeona si lazima awe mwenye cheo. Labda mdogo wake Zawadi anamwona malaika na Zawadi hamwoni hadi sura ya nne.

Ana jina? Katika Waamuzi sura ya 13 Manoa anamuuliza malaika jina lake, na malaika anakataa kulitaja. Jina linalofichwa humfanya msomaji asubiri, na likitolewa baadaye kwa hiari linakuwa zawadi. Ana mwili? Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba malaika hana mwili wa asili yake, ila anaweza kuuvaa. Ukikubali hivyo, malaika wako akikaa mezani hapati ladha ya chakula, na mvua haimlowanishi. Vitu vidogo vya aina hiyo humfanya awe mgeni kweli kweli.

Kila nguvu unayompa iambatane na asichoweza. Anajua yaliyopita yote, lakini hajui kesho. Anasikia maombi, lakini hawezi kuyajibu bila kutumwa. Anaweza kuponya, lakini Zawadi atasahau siku moja ya maisha yake kwa kila anayeponywa. Sheria ukishaiandika usiivunje sura ya 20 kwa sababu umekwama. Rudi nyuma urekebishe sura ya 12.

Hatua ya nne: andika kutokea kwa mara ya kwanza

Hapa ndipo wasomaji wengi huamua kuendelea au kukifunga kitabu. Katika Injili ya Luka, Zakaria anaambiwa asiogope, Mariamu anaambiwa asiogope, wachungaji wanaambiwa wasiogope. Maneno hayo hayana kazi kama aliyetokea hatishi. Waandishi wengi wameyabakiza maneno na kukiondoa kitisho.

Hebu tulinganishe. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

*Ghafla nuru kali iliangaza chumba kizima. Zawadi alimwona kijana mzuri ajabu mwenye mabawa meupe. "Usiogope," alisema kwa sauti tamu. "Mimi ni malaika."*

Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini hakuna tukio pia. Nuru, uzuri, mabawa, sauti tamu: msomaji ameshaviona mara nyingi kiasi kwamba macho yake yanaruka. Sasa hii:

*Mshale wa sekunde ulikuwa umekwama. Ulitetemeka pale pale, kama kitu kinachosukumwa na kuzuiwa kwa wakati mmoja. Zawadi alifunga daftari. Alivuta pumzi na hakuisikia. Kisha akajua kwamba anatazamwa, si kutoka mlangoni wala dirishani, bali kutoka kila pembe ya chumba, kwa macho mengi yasiyo na hasira wala huruma. Yote yalikuwa yakiusoma ukurasa alioufunga.*

*"Swali la nne umekosea," ilisema sauti.*

Tazama kilichobadilika. Kuna kitu kimoja cha kushikika, mshale wa saa, kinachobeba uzito wa muujiza wote. Macho yametoka kwa Ezekieli lakini hayakutajwa kwa jina lake. Na maneno ya kwanza ya malaika yanagonga moja kwa moja hofu ya Zawadi, ile ya kufeli, wakati malaika mwenyewe hakukusudia kuumiza. Kwake yeye kusema ukweli ni jambo la kawaida tu. Hapo msomaji amekwisha kuujua uhusiano wao kabla haujaelezwa.

Ukiandika tukio lako, jizuie kutumia maneno nuru, utukufu na mabawa katika aya ya kwanza. Tafuta kinachoharibika katika chumba malaika anapoingia: sauti, uzito, joto, kivuli, mwendo wa saa. Chagua kimoja au viwili na uvieleze kwa makini. Mabawa yanaweza kungoja.

Hatua ya tano: msuko wa wito

Gideoni, katika Waamuzi sura ya 6, anatokewa na malaika akiwa anapura ngano ndani ya shinikizo la divai, amejificha ili maadui wasiione. Na malaika anamsalimu kwa kumwita shujaa. Gideoni anabisha: mbona tumeachwa? Ukoo wangu ni dhaifu, na mimi ni mdogo kuliko wote nyumbani. Anataka ishara, kisha anataka nyingine, kisha anaomba hiyo ya pili igeuzwe kinyume. Simulizi ile ina subira ambayo waandishi wa leo hatuna. Mwache mhusika wako abishe. Mwache aulize maswali ambayo malaika hana jibu lake.

Kwa msuko mzima, mimi hupanga maamuzi kwanza na matukio baadaye. Riwaya yenye mapigano kumi na uamuzi mmoja ni nyembamba kuliko yenye mapigano mawili na maamuzi matano. Kwa Zawadi, mpangilio unaweza kuwa hivi. Anakataa, na kukataa kwake kunaleta madhara madogo kwa mtu mwingine. Anakubali, lakini kwa sababu isiyo sahihi: anataka kuhitajika. Katikati ya kitabu anagundua kwamba agizo alilopewa ni nusu tu, maana kuufunga mlango kutawafungia ndani watu fulani ambao hawajafa. Malaika alilijua hilo na hakulisema kwa sababu hakuulizwa. Hapa urafiki wao unavunjika, na sehemu hii uiandike bila haraka.

Kisha kuna kipindi ambacho hana agizo lolote. Mama amekasirika, malaika hayupo, mtihani umepita. Waandishi wengi hukimbia sehemu hii kwa kuogopa kwamba inachosha. Lakini ndipo kutafuta kunapotokea hasa. Mwache ajaribu vitu. Mwache agundue, kwa mfano, kwamba kila jambo gumu lilipotokea yeye ndiye aliyekaa na waliobaki, aliyewasikiliza, na kwamba alifanya hivyo bila mtu kumwagiza. Kusudi likidokezwa kupitia alichokuwa akikifanya tangu sura ya pili, msomaji atarudi nyuma na kukuta ushahidi ulikuwepo muda wote. Kwa hiyo ukimaliza rasimu, rudi upande mbegu hizo: kitendo kidogo sura ya pili, kingine ya tano, kingine ya tisa, bila kukielekezea kidole.

Kileleni anachagua, na uchaguzi uwe na hasara ya kweli. Yakobo katika Mwanzo sura ya 32 anashindana mweleka usiku kucha, anapata baraka, na anaondoka akichechemea. Mhusika wako naye aondoke na kitu kilichopungua.

Hatua ya sita: adui naye atoe kusudi

Adui anayetaka tu kuangamiza ulimwengu hana la kumwambia kijana anayejitafuta. Mpe adui wako ofa. Azazeli wa Henoko alikuja na ujuzi, na watu waliupokea kwa sababu una faida. Adui wa Zawadi anaweza kumwambia neno ambalo hakuna mwingine amewahi kumwambia: huna deni kwa mtu yeyote. Neno hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni la hatari. Msomaji akifika mahali anamkubalia adui kwa kurasa mbili tatu, umefaulu.

Hatua ya saba: kuhusu mapenzi

Nitasema wazi. Malaika mwenye maelfu ya miaka na msichana wa miaka 16 si wapenzi wa kuandikwa, hata akipewa sura ya kijana wa shule. Tofauti ya umri, ujuzi na nguvu ni kubwa mno, na wasomaji wa umri huu wanajifunza kwenye vitabu jinsi mahusiano yanavyoonekana. Pia, kwa kitabu kinachohusu kusudi, mapenzi ya aina hiyo huiba jibu: msichana anajikuta kusudi lake limekuwa ni huyo mpenzi. Urafiki wenye ubishi kati yao una mengi zaidi ya kutoa. Ukitaka mapenzi, mpe mtu wa rika lake.

Hatua ya nane: sauti

Nafsi ya kwanza hufaa sana, kwa sababu msomaji anabaki ndani ya kichwa cha anayejitafuta na hajui zaidi ya anachojua yeye. Nafsi ya tatu iliyobanana na mhusika mmoja inafaa pia. Usimpe malaika sura zake mwenyewe mapema; ukishaingia kichwani mwake, ugeni wake umekwisha.

Namna malaika anavyozungumza inahitaji kazi ya pekee. Wengi humpa Kiswahili cha mimbari: amin nawaambia, tazama, enyi wana wa watu. Baada ya kurasa tatu kinachosha. Kuna njia tulivu zaidi. Mnyime maneno ya kusitasita. Asiseme labda, nadhani, natamani, pengine. Asiulize swali ambalo jibu lake analijua. Zawadi kwa upande wake azungumze kwa kusitasita kote, aanze sentensi na kuziacha njiani, kama vijana wanavyozungumza. Wasomaji wengi hawatajua kwa nini viumbe hawa wawili wanasikika tofauti, lakini watalihisi. Halafu, karibu na mwisho, malaika aseme kwa mara ya kwanza: "Sijui." Neno hilo moja, ukiwa umelitunza kurasa 250, litafanya kazi kuliko vita vyovyote.

Hatua ya tisa: rasimu

Riwaya ya fantasia ya vijana mara nyingi huwa na maneno kati ya 60,000 na 90,000. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, utafika 65,000 baada ya wiki 26. Andika moja kwa moja hadi mwisho bila kurudi kusafisha. Sheria za malaika ziandike kwenye daftari la pembeni na uongeze kila unapozua mpya, pamoja na namba ya sura.

Hatua ya kumi: kupitia na wasomaji wa majaribio

Iache rasimu ipoe wiki kadhaa. Ukirudi, pitia mara ya kwanza ukiangalia jambo moja tu: kila sura, nani anaamua? Andika jina pembeni. Ukikuta malaika ameamua sura tatu mfululizo, hapo Zawadi amekuwa abiria, na sura mojawapo lazima igeuzwe. Pitia ya pili uifanye kwa ajili ya sheria za ulimwengu wako, ya tatu kwa ajili ya lugha.

Kisha tafuta wasomaji. Angalau wawili wawe vijana wa umri wa walengwa, na mmoja awe mtu mzima anayeyajua vizuri mapokeo uliyoyatumia. Vijana usiwaulize kama wamekipenda, maana watakujibu kwa adabu. Waulize walipoanza kurukaruka kurasa. Waulize Zawadi angeishi vipi kama malaika asingekuja kabisa. Wakikosa la kusema, mhusika wako bado ni mtupu na sura za mwanzo zinahitaji kuandikwa upya. Waulize ni uamuzi gani wao wangeufanya tofauti. Wakianza kubishana wenyewe kwa wenyewe, usiwakatize, andika wanachosema.

Yule mjuzi wa mapokeo mwombe aweke alama za aina mbili: penye kosa, na penye jambo lililomsumbua. Ya kwanza rekebisha zote. Ya pili mkae mzungumze, moja moja, huku mswada ukiwa wazi mbele yenu.